Muulizeni Bibi Kwanza: Kuwafundisha Watoto Kubuni Mradi wa Huduma Wakati wa Kwaresima

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa kulea watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto la Kanisa Katoliki, kigangoni kwetu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, tulifanya mradi wa Kwaresima kwa namna ambayo walezi wengi tunaijua. Niliwaambia watoto walete michango, wazazi wakatoa, mimi nikaenda dukani kununua sukari, unga na sabuni za mche. Tukavaa sare, tukaenda kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, tukaimba, tukapiga picha. Nilipoingia ndani kuweka sabuni pale aliponielekeza, nikakuta miche mitatu mingine, haijaguswa.

"Sabuni ninayo, mwanangu," bibi akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu. "Wa kunichotea maji ndiye sina."

Bomba lilikuwa chini ya mteremko, dakika tano kwa miguu ya mtoto wa darasa la nne. Siku ile tulikuwa na watoto 23. Tuliondoka bila hata mmoja kubeba ndoo.

Haya ninayoyaandika yametokana na aibu ile. Tangu hapo nimekuwa nikiwaachia watoto kazi yote ya kubuni: wao ndio wanaotazama, wanaouliza, wanaochagua na wanaopiga hesabu. Kazi yangu ni usalama wao, pamoja na kuizuia mikono yangu, na hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Anza kabla ya majivu

Shika kalenda uhesabu. Kati ya Jumatano ya Majivu na Dominika ya Matawi kuna Jumamosi sita tu, mwaka wowote ule. Kwa mfano mwaka 2027, Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Jumamosi zako zinaanza tarehe 13 Februari na kuishia 20 Machi. Ukisubiri majivu yapakwe ndipo uanze kuomba ruhusa, mbili zitakuwa zimekwenda.

Kwa hiyo wiki mbili kabla, muone paroko na katekista, kisha mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ambayo mtafanyia kazi kwenye eneo lake. Huyu wa tatu usimruke. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi ina mbwa, na ipi ina ugomvi wa kiwanja ambao hutaki watoto waukute umewaka.

Halafu wazazi. Simama nao dakika kumi baada ya Misa, uwaeleze siku, saa, mahali na majina ya watu wazima watakaokuwepo, na kila mzazi atie saini. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata wale vijana warefu wa kidato cha pili unaowatuma kama walezi wadogo nao wanahitaji ruhusa ya nyumbani.

Kundi linalofanya vizuri kazi hii ni la miaka 8 hadi 13. Walio chini ya hapo wachukue, lakini uwape kazi za mkono mmoja: kushika kamba, kuhesabu, kufungua geti.

Jumamosi ya kwanza: maharage 46

Usianze kwa hotuba. Mwaga maharage 46 juu ya mkeka, waambie hizo ndizo siku kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu. Waambie watoe Dominika zote. Wataondoa sita, zitabaki 40, na hapo kuna mtoto lazima ataruka: "Mwalimu, kumbe!" Wengi wamesikia siku arobaini tangu wazaliwe bila kuwahi kuzihesabu.

Kisha soma Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, ambapo Yesu anataja mambo matatu: sadaka, sala na kufunga, yote yafanyike pasipo kujionyesha. Waulize wanaelewa nini kuhusu kufunga. Utasikia mengi, na mengine ya kukutia wasiwasi, kama mtoto anayepanga kuruka uji wa shule. Hapo uwe wazi. Sheria ya Kanisa ya kufunga inawabana watu kuanzia umri wa miaka 18 mpaka wanapotimiza 59, na ya kutokula nyama inaanza mtu anapotimiza miaka 14. Mtoto wa miaka tisa ale uji wake. Anachoweza kukiacha ni ubuyu, barafu ya mfuko, au ile saa ya katuni.

Sasa wafungulie Isaya 58. Kanisa linausoma mara mbili siku hizo, Ijumaa na Jumamosi zinazofuata Majivu, kwa hiyo siku ya kikao chenu ndilo somo lenyewe. Nabii anauliza ni mfungo gani Mungu anaupenda, naye anajibu kwa mambo ya mikono: kumgawia mkate mwenye njaa, kumvika aliye uchi, kumpokea asiye na pa kulala. Mtoto akishaunganisha ubuyu alioacha na mkate wa mtu mwingine, huna haja ya kuongeza neno.

Walio kwenye Utoto Mtakatifu wasimulie pia walikotoka. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Wanapenda kusikia kwamba shirika lao lilianza na sarafu.

Na hapo useme habari ya kibubu. Sisi tunatumia kopo la maziwa lililotobolewa juu, linakaa kwa mlezi mmoja na ufunguo kwa mwingine. Anayeweza kuacha shilingi 200 anaacha. Watoto 14 wakifanya hivyo siku tano za shule, kwa wiki ni 14,000. Lakini kila kundi lina watoto ambao hawapewi hata hiyo mia mbili. Kwa ajili yao usisome majina, usitaje nani katoa nini, wala usiwapange mstari kwenda kutumbukiza. Mimi naliacha kopo mlangoni, kila mmoja anaingia na ngumi imefunga na kutoka na ngumi wazi. Kilichokuwemo au kutokuwemo anakijua mwenyewe.

Kutembea na kutazama

Jumamosi hiyo hiyo kama muda upo, au inayofuata, watoke. Vikundi vya watoto watano, kila kimoja na mtu mzima anayetembea nyuma, si mbele. Ukitangulia watatazama unachokitazama wewe.

Sheria ni moja: leo hatutoi kitu, tunatazama. Kila mtoto arudi na mambo matatu yanayoanza na neno "nimeona". Ukiwaruhusu kusema "wanahitaji" watakuletea yale waliyoyasikia kwenye matangazo. Ukiwabana kwenye "nimeona" utasikia vitu ambavyo wewe umepita mbele yake miaka mitano. Nimeona choo cha shule hakina pa kunawia. Nimeona ukuta wa yule babu umetoboka upande mvua inakotokea. Nimeona kaka wa bodaboda aliyevunjika mguu anakaa barazani tangu asubuhi, hana mtu wa kuongea naye.

Wakirudi, wachore ramani chini kwa kijiti: kanisa, bomba, barabara, nyumba. Wanaposhindana kuhusu njia ipi inapita wapi, waache washindane. Ikishakaa sawa ndipo mmoja aihamishie kwenye karatasi ya manila.

Kuuliza bila kuaibisha

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mwaka ule, na ndiyo ninayoitumia muda mwingi sasa. Fanyeni mazoezi kwanza. Mtoto mmoja awe bibi, mwingine awe mgeni. Hodi, mpaka akaribishwe. Shikamoo. Kama mwenyeji ni Mkatoliki, "Tumsifu Yesu Kristo" inafuata. Kama ni jirani Mwislamu, "Shikamoo" imetosha, na huduma ni ile ile. Mwaka 2026 na 2027 Kwaresima na Ramadhani zinaanza zikipishana kwa siku chache tu, kwa hiyo wafundishe pia kwamba nyumba nyingine watakazobisha zimefunga mchana kutwa, na wasifungue chupa zao za maji barazani pale.

Swali la "Unahitaji nini?" nimelifuta. Mtu mzima akiulizwa hivyo na mtoto atajibu "chochote mtakachojaliwa", na mtarudi kwenye sabuni. Tunauliza haya:

Siku yako inakwendaje, tangu unapoamka?
Kazi ipi inakuchosha zaidi?
Nani huwa anakusaidia?
Tukija, tuje saa ngapi ili tusikusumbue?

Mmoja anauliza, mmoja anasikiliza ili akaandike baadaye. Wasiandike mbele ya mwenyeji. Daftari linamfanya mtu ajione yuko kwa mjumbe anaandikishwa. Na wasiahidi. Neno la kuagia ni "tutarudi kukuambia", kisha kweli warudi, hata kama jibu ni kwamba mwaka huu hamtaweza.

Kuchagua

Wawekee machaguo yasiyozidi manne. Kila moja lipite kwenye maswali matatu kabla ya kura: Mwenyewe amekubali? Tunaweza kwa mikono yetu, bila kumlipa fundi? Baada ya Pasaka nani ataendelea? Linalokwama swali la kwanza linatoka hapo hapo, hata kama ni zuri kiasi gani.

Kura ni punje za mahindi kwenye vikombe, macho yamefumbwa. Mlezi hapigi.

Ndoto kubwa usiikatae kwa kichwa kutikisa. Mwaka mmoja waliamua kumjengea yule babu nyumba. Niliwauliza: kipande gani cha nyumba hii tunakiweza kwa Jumamosi nne? Wakabishana, wakashuka kutoka nyumba hadi chumba, kutoka chumba hadi ukuta, na mwishowe wakakubaliana kukandika ukuta mmoja, ule wa upande wa mvua. Mmoja akauliza kama babu mwenyewe anajua kuchanganya udongo. Anajua, na ndiye aliyekuwa fundi mkuu, amekaa kwenye kigoda anatoa amri, na sijawahi kuona watoto wanatii vile.

Mpango kwenye karatasi moja

Mpango usiotosha karatasi moja ya manila ni wa mtu mzima. Mistari minne ya kushuka: kazi, nani, lini, kwa kifaa gani. Waandike wenyewe, hata mwandiko ukipinda.

Mfano wa maji ya bibi. Watoto waligundua anatumia ndoo mbili kubwa kwa siku, yaani lita 40. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mtoto wa miaka kumi hatakiwi kubeba uzito huo kupanda mteremko. Wakaamua madumu ya lita tano. Lita 40 ni madumu manane; maji ya siku mbili ni 16. Watoto wanane, safari mbili kila mmoja. Halafu binti wa darasa la tano akauliza swali ambalo mimi sikuliwaza: "Tukipeleka ya siku mbili, atayaweka wapi?" Ikabidi warudi kuuliza. Alikuwa na mitungi miwili na ndoo moja isiyo na mfuniko. Mfuniko ndio kitu pekee tulichonunua kutoka kwenye kibubu.

Gharama wakaulize dukani wenyewe, maduka mawili, waandike bei zote mbili. Na kwa kuwa Kwaresima huishia masika yanapoanza, kazi za udongo na za mteremko ziwekwe wiki za mwanzo. Kukandika ukuta mwishoni mwa Machi ni kuulisha mvua.

Mradi unaofaa wanaoanza: kibuyu chirizi

Kama kundi ni jipya na watoto hawajazoeana, anzeni na kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu, karibu na choo cha kigango au cha shule. Kinamalizika Jumamosi moja na matokeo yanaonekana.

Tafuteni miti miwili yenye panda, kama mita mbili kwenda juu, muichimbie nusu mita chini, ikiachana sentimita 70 hivi. Mti wa tatu unalala juu ya panda. Dumu la lita tano linatobolewa kwa msumari uliopashwa moto, kama sentimita 12 chini ya kifuniko, upande usio na mkono. Hapa msumari anaushika mtu mzima. Pitisheni mti wa juu kwenye mkono wa dumu. Tobueni kifuniko, pitisheni kamba ifungwe kwa ndani kwenye kijiti kifupi, na ncha ya pili ifungwe kwenye fimbo iliyolala chini. Ukikanyaga fimbo, dumu linainama na maji yanachirizika. Sabuni itobolewe katikati ining'inie kwa kamba, ifunikwe na kopo mvua isiiyeyushe. Chini mwageni kokoto, la sivyo baada ya wiki mtakuwa mmetengeneza dimbwi la mbu.

Lakini waambie watoto mapema: kibuyu chenyewe si mradi. Mradi ni zamu ya kukijaza. Vingi nimeviona vimesimama vikavu, dumu limepauka kwa jua, kwa sababu waliojenga walidhani wamemaliza. Zamu iandikwe siku hiyo hiyo, majina mawili kwa kila siku, ibandikwe mlangoni.

Usalama na picha

Hapa sibishani na mtu. Watu wazima wawili kila mahali, hata kama ni kwa bibi tunayemwita wetu sote. Mtoto haingii chumba cha ndani peke yake. Hakuna kumwosha mgonjwa, kugusa dawa wala kushika damu. Kurudi nyumbani ni kabla jua halijazama, na mlezi anahesabu vichwa mara mbili.

Picha hatupigi za mtu tunayemhudumia. Tulisoma Mathayo 6 siku ya kwanza, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Tukimweka bibi mtandaoni akiwa na unga mkononi, watoto wataona nani tunamwamini zaidi. Paroko akitaka taarifa, watoto wamchoree.

Jumamosi ya nne

Kila mwaka ni hapo mambo hulegea. Wimbo umezoeleka, mvua imenyesha, mitihani ya katikati ya muhula inakuja. Watoto wanane wanakuwa watano. Usiwagombeze waliokuja kwa ajili ya wasiokuja. Kaeni na karatasi mpunguze: watoto watano, safari mbili, ni lita 50, maji ya siku moja na ziada kidogo. Kisha mwende kumweleza bibi kwamba yamepungua. Hilo la kwenda kumweleza ni sehemu ya somo.

Mtoto aliyepotea mfuatilie kwao kwa upole. Mara nyingi utamkuta amembeba mdogo wake mgongoni kwa kuwa mama yuko sokoni. Huyo yuko kwenye huduma tayari. Mwambie hivyo mbele ya wenzake atakaporudi.

Kuna tatizo la upande wa pili pia: mzazi anayemtuma dada wa kazi abebe dumu badala ya mtoto, au baba anayepakia maji yote kwenye pikipiki "kuwarahisishia". Mshukuru, umwombe asubiri Pasaka ipite.

Ijumaa, dakika kumi

Baada ya Njia ya Msalaba tunakaa chini ya mwembe. Maswali mawili tu: Wiki hii umeona nini? Nini kilikuwa kigumu? Jibu lolote linapokelewa, hata "nilichukia". Mvulana mmoja alisema bibi anamwita kwa jina la mjukuu wake aliyefariki, naye hajui kama amkosoe. Tulinyamaza kidogo. Msichana mwenzake akamwambia, "Itika tu." Tukasali Baba Yetu tukaenda nyumbani.

Juma Kuu: kufunga na kukabidhi

Baada ya Matawi hakuna kazi mpya. Kibubu kifunguliwe mbele ya watoto, wahesabu wao, wawili waandike. Fedha ya mradi isichanganywe na sadaka nyingine. Mchango wa Ijumaa Kuu, kwa mfano, ni wa Nchi Takatifu, na wajue hivyo. Alhamisi Kuu wakae mahali wanapoona vizuri paroko anavyoosha miguu.

Kukabidhi kufanyike nyumbani kwa anayehudumiwa, jumuiya ikiwepo, ili yeye mwenyewe asikie nani anakuja siku gani. Na watoto waandike barua ya makabidhiano kwa watakaopokea zamu. Usiwape mfano, usiwasahihishe. Ile ya mwaka jana, waliyowaandikia vijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi), ninayo bado:

"Mtungi wa pili una ufa, msijaze zaidi ya nusu. Mbwa anabweka ila amefungwa. Msije saa nane, analala. Sikio la kushoto halisikii, simameni kulia. Akikuita Kelvini, itika."